Mchanga wa Ziwa Ndani ya Vyungu vya Mama

Mama alikuwa mfinyanzi hodari kuliko wote kati ya Luvungi na mwisho wa dunia, na hapo nimepunguza. Lakini macho yake yalikuwa yanazimika. Alifinyanga kwa kupapasa tu. Tuliposikia kwamba ukumbi wa parokia utakuwa na maonyesho ya kazi za mikono, alisema hicho ndicho kipimo chake. Vyungu vikitoka vizuri, ataendelea. Vikiharibika, atajua mikono imefuata macho.

Udongo ulitoka Sange nyuma ya pikipiki, mfuko mzito kama kanisa. Kazi yangu ilikuwa kutwanga vigae vya vyungu vya zamani. Unga wake huchanganywa na udongo ili usipasuke motoni. Kwetu kule bondeni kila ua ulikuwa na vigae. Hapa Kilibula, tulipokimbilia, watu wanapikia sufuria. Nilizunguka asubuhi nzima nikapata vipande vitano, na mbwa wote wa mtaa wakanifukuza. Basi nikateremka ziwani, nikachota mchanga, nikauchekecha kwa chandarua mpaka ukawa laini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, diplome mkononi, nilijiona injinia.

Mama aliusugua kati ya vidole.

"Hii iko vigae kweli?"

"Iko vigae, mama."

Tulichoma kwa nyasi kavu na mavi ya ng'ombe. Vyungu kumi na vinne vikatoka vyekundu, hakuna hata kimoja chenye ufa. Mama alivigonga kimoja kimoja kwa ukucha, akisikiliza mlio, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku mbili mvua ilinyesha. Siku ya tatu, pale ukumbini, tulipofungua shuka nikaona vyungu vimetoka madoa meupe, na vipande vidogo vimebanduka kama ngozi ya mgonjwa. Kabla ya saa sita mwalimu mmoja aliinua chungu, ukingo ukabaki mkononi mwake. Akaurudisha taratibu, akaomba msamaha kana kwamba kosa ni lake.

Mfinyanzi mmoja wa Sange, aliyekaa mkeka wa jirani, aliminya doa jeupe likawa unga. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama tulitia mchanga wa ziwa. Una makombe ya konokono ndani yake, akasema. Moto unayageuza chokaa, na chokaa ikinywa unyevu inavimba, inapasua.

"Umuambie mama yako," akasema.

Mama alikuwa anapapasa vyungu vyake, kimoja baada ya kingine, na kila alipogusa, kipande kilianguka.

"Ni mikono," akasema. "Imekufa."

Mimi ninayeweza kuongea kutoka Uvira mpaka Bujumbura bila kumeza mate, nilikunja shuka. Kesho yake aliniagiza nikaumwage udongo uliobaki. Nikaumwaga.

Siku hizi anakaa mlangoni, mikono mapajani. Mara nyingi nimekaa karibu naye ili nimwambie. Nikifungua mdomo najikuta ninamsimulia jambo jingine kabisa, la kuchekesha, na yeye anacheka kidogo kwa ajili yangu.