Kigingi Kisichong'oka

Asubuhi ndege wakitua juu ya bati, vikucha vyao kwaru-kwaru, mimi nakurupuka kitandani na kupiga kelele, "Hooo! Hayaaa!" Mtu mzima nina watoto wanaoota ndevu. Mpangaji mwenzangu ananigongea ukuta: "Mama Redio! Hapa ni mjini, hakuna mpunga!" Kitanda chake kipo palepale lilipokuwa dungu letu.

Miaka ya tisini inaanza, huku mwisho wa mtaa wa Mlabani njia ya baiskeli ikiisha, mpunga ulikuwa unaanza. Shamba letu alilifyeka baba, kabla hajafa. Mpunga ukitoa mashuke, mama, mimi na mdogo wangu Deo tulihamia shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza tangu alfajiri mpaka wakalale wao. Tuliishi dunguni, kibanda cha miti juu ya nguzo, chini yake maji na vyura. Harufu ya mpunga unaochanua ilikuwa inaingia mpaka kwenye uji. Shule? Ndege hawana likizo, ndugu yangu. Darasa la tano nililipitia kama mgeni, nikaishia hapohapo. Hesabu za kugawanya mpaka leo hatusalimiani.

Kazi yangu ilikuwa kupayuka, ndiyo maana mama akaniita Redio. Deo alikuwa na kamba, ndefu, imefungwa makopo matupu toka dunguni mpaka mwisho wa shamba. Ukivuta, shamba zima linagongana. Tabu ilikuwa kigingi cha mwisho. Udongo wetu ukilowa ni uji, kila tukikichomeka kinang'oka, kamba inalala majini na wale ndege kwelea wanakula huku wanatutazama.

Siku moja mama kaenda kutafuta kuni, akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, na wanaume wawili wenye chombo cha miguu mitatu. Wakachungulia, wakakanyaga mpunga, wakachimba, wakasimika mawe ya saruji yenye chuma katikati. Baba mdogo akatuambia, "Endeleeni na kazi, wanangu," wakaondoka.

Deo akakimbilia jiwe la mwisho. Akalisukuma, akalipiga teke, akashika kidole cha mguu huku anacheka. "Dada, kigingi! Hakitikisiki!"

Tukafunga kamba pale. Jamani, haijawahi kulia vizuri vile! Kwelea waliondoka wote kwa pamoja. Tukakaa tunamsubiri mama kama watu wanaosubiri zawadi.

Alipotokea na mzigo kichwani, nikavuta kwa nguvu zote. "Mama, sikia! Hiki haking'oki!"

Akatua kuni. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akachuchumaa, akagusa kile chuma kama unavyompima mtoto homa.

"Nani kaleta?"

"Baba mdogo."

Akasema, "Kweli, mwanangu. Hiki hakitang'oka." Mimi nikajua nimesifiwa, nikavuta kamba tena.

Kesho yake baba mdogo alirudi, akasimama mbali, kwenye pakavu. "Shemeji, mji unakuja. Tusipouza viwanja sisi, watauza wengine."

"Mji unakuja kwa miguu yake, shemeji, au umeubeba wewe mgongoni?"

Akacheka peke yake. "Shamba ni la ukoo. Na kaka ameshakufa."

"Kaka yako amekufa. Mpunga haujafa. Niache nivune."

Akamwacha avune.

Tulivuna lote, isipokuwa kipande kilichozunguka lile jiwe. Mama alikipita na kisu chake kama hakioni. Kwelea wakashuka. Nikafungua mdomo kupayuka, mama akaniziba kwa kiganja, kinanuka mabua mabichi.

"Waache, Redio. Wale washibe. Mwakani watakuta bati."

Mimi na Deo tulicheza ngoma kwenye mabua. Likizo! Nikatangaza mtaa mzima kwamba mama yetu kachoka na ndege, anatania eti watakula bati. Redio kweli, hata taarifa ya msiba naisoma nikicheka.

Mama baada ya pale alilima mashamba ya watu, mbali, mpaka mgongo ukakataa. Sasa yupo makaburini, na mimi napanga chumba kwenye shamba lake. Lile jiwe lipo nyuma ya choo, wanafungia mbuzi. Bado halijang'oka.

Siku ile ya mavuno mama alikuwa anawaaga ndege. Ndugu wa baba waliacha kuja kutuona tangu arobaini ya baba. Ndege walikuja kila mwaka, tena kwa wingi, na yeye kila mwaka aliwafukuza. Hakutaka waondoke bila kula.

Juzi nilichota mpunga kidogo kwenye kiganja, nikaurusha juu ya bati. Kwaru-kwaru ilipoanza, ukuta ukagongwa.

"Mama Redio, leo hupigi kelele? Unaumwa?"

Nikachota kiganja cha pili, nikarusha.