Siku Mama wa Mpangaji Alipoonja Kahawa

Wewe unayeniuliza mgeni atembezwe wapi Dar es Salaam bila kumaliza mshahara, sogea karibu nikueleze taratibu. Juzi nilisimama Kariakoo mbele ya ghorofa lililojengwa palipokuwa na nyumba yetu. Harufu ya kahawa ikanijia sijui kutoka wapi, nikazubaa mpaka mwenye mkokoteni akapiga kelele, "Mama, unahamia hapo?"

Miaka ile ya hamsini, chumba chetu cha mbele alikipanga kijana kutoka Kilimanjaro, aliyeuza sabuni, chumvi na mafuta ya taa barazani. Kipupwe kimoja mama yake akaja kwa basi kutoka Moshi, na nyumba nzima ilijua kilichomleta: auone mji kwa macho yake, na ukimchukiza, arudi na mwanawe kwenye migomba. Kijana hakuweza kufunga duka. Akamfuata bibi yangu jikoni.

"Shikamoo bibi. Nitembezee mama. Akiuchukia mji, mimi nimekwisha."

"Marahaba. Niachie mimi. Nitamlisha mpaka asahau njia ya kurudi."

Tukaondoka kwa miguu, mimi nimebeba kikapu. Bibi alianzia sokoni, kwenye vitumbua vya moto vinavyotoka kikaangoni vikinukia iliki. Mgeni akasema ni vitamu, ila vya kuchezea watoto. Tulipopita Msimbazi, akawatazama watu wote wale, akauliza, "Hawa wanalima wapi?" Bibi akamweleza kuwa hawalimi. Hatua chache mbele akauliza tena.

Feri, kwenye soko la samaki, ndiko bibi alikoweka matumaini. Akachagua changu aliyekaangwa akakauka, akammwagia ndimu, akampa mgeni. Mgeni akamtazama samaki, samaki akamtazama yeye. Kwao, zama hizo, wengi hawakula samaki.

"Mama, huyu si jamaa ya nyoka?"

Bibi, mtoto wa pwani, akamnyang'anya samaki. Akamfunga kwenye gazeti, akamtia kikapuni mwangu na kugeuza njia ya nyumbani. Mimi nikaanza kumuaga mpangaji moyoni, pamoja na peremende alizozoea kunipa.

Tulipokaribia nyumbani tukamkuta muuza kahawa na birika lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe, wanaume wamejaa kwenye benchi.

"Kuna msiba hapa?" mgeni akauliza.

"Wanakunywa kahawa."

"Kahawa? Hii yetu?"

Hapo inafaa nikufafanulie. Mama yule alikuwa ameilima kahawa tangu ni bi harusi. Ameichuma, ameimenya, ameianika, na yote ikateremka kwenda kuuzwa. Nyumbani walikunywa mbege, pombe yao ya ndizi. Kahawa yenyewe hakuwahi kuitia mdomoni.

Akaomba kikombe. Bibi akajifunika kanga usoni, maana wanawake hawakusimama pale. Mgeni akakipiga chote kwa mkupuo mmoja, kama mbege. Macho yakamtoka.

"Ndiyo hii?"

Kisha akapita benchi zima akiwashika wanaume mikono, mmoja mmoja. "Poleni, baba zangu. Nisameheni. Hatukujua kama ni chungu hivi."

Wanaume walicheka mpaka kofia zikadondoka. "Mama," mzee mmoja akasema, "dhambi hiyo usiitubu. Tuongezee!"

Mwingine akamvunjia kashata na kumwonyesha: ng'ata kwanza, halafu nywa kidogo. Akang'ata, akanywa kidogo. Akanywa tena. Wanaume wakasogea, akakaa katikati yao, akaomba cha pili. Bibi akacheka ndani ya kanga, kisha naye akakaa kwenye benchi la kahawa, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Tuliporudi, kijana alikuwa mlangoni ameshika mche wa sabuni aliosahau kumpa mteja.

"Utabaki," mama yake akasema. "Watu wanaokunywa uchungu ule huku wanacheka hawatakuonea." Akaingia ndani, akachungulia tena. "Lakini samaki, usile."

Benchi lile halipo tena. Kahawa bado inauzwa, lakini watu huinywa wamesimama, simu sikioni, na mgeni akipita hakuna anayejisogeza. Hilo la kujisogeza ndilo ninalolililia kuliko nyumba yetu. Kwa hiyo ukipata mgeni, mtafutie benchi lenye watu, mkalishe katikati, mpe kashata ang'ate kwanza, ndipo umpe kahawa.