Grisi Kwenye Kiganja cha Kushoto

Nilipopelekwa kufanya kazi Isiolo, nilipewa trela kabla ya kupewa nyumba. Ilikuwa trela ya kulala, zile ambazo watalii huzivuta nyuma ya gari wakizunguka nchi, na mwenyewe aliporudi kwao aliuachia mradi wetu wa kliniki ya kutembea. Ndani mlikuwa na kitanda, sinki, meza ya kukunja na friji ndogo ya kutumia nguvu za jua. Tuling'oa kabati la vyombo tukaweka mizani ya kupimia watoto. Friji ikawa ya chanjo. Kitanda kikabaki changu, kwa sababu safari zetu nyingi zilikuwa za kulala huko huko.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa upande wa Meru, ambako gari likikwama unapiga simu na fundi anafika kabla chai haijapoa. Sikuwa nimewahi kufikiria kilicho ndani ya gurudumu. Dereva wetu, Mturkana wa Ngaremara, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliitunza injini ya gari kama mboni ya jicho. Lakini trela haina injini. Sote wawili tuliamini kwamba haihitaji chochote zaidi ya upepo kwenye matairi.

Mwezi wa tatu tulikuwa njiani kwenda Garbatulla. Wachungaji waliokuwa kando ya barabara walitupungia mikono, nasi tukawapungia. Mbele kidogo wengine wakapunga kwa nguvu zaidi, na mimi nikasema moyoni kwamba watu wa huku ni wakarimu sana. Dereva ndiye aliyetazama kioo cha pembeni akaona trela imeinama upande wa kushoto. Tulipotelemka tukakuta moshi unatoka katikati ya gurudumu, na harufu ya chuma kilichoungua. Wale watu hawakuwa wakitusalimu. Walikuwa wakituambia tusimame.

Lori la mbuzi lililokuwa likirudi mjini lilisimama. Dereva wake alichungulia, akasema beringi imekufa, na kwamba mtu wa kututoa hapo ni mama mmoja wa Isiolo mwenye gereji karibu na soko la mifugo. Akatupa namba ya simu ya gereji, tukapiga. Mama huyo hakutuuliza sisi ni nani. Alimwambia dereva wangu achukue uzi, apime unene wa chuma cha ekseli, na amweleze urefu wa uzi huo kwa kuulinganisha na noti ya shilingi mia. Nilihamisha chanjo kwenye boksi la barafu nikazituma mjini na lile lori, tukalala pale pale.

Asubuhi alifika juu ya lori jingine, ameketi kwenye magunia. Alikuwa Mborana wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mtandio mweusi ameufunga nyuma ya shingo ili usiguse kazi, na koti la buluu la fundi juu ya dera lake. Alitoa salamu, nasi tukaitikia, kisha akapiga magoti kando ya gurudumu bila kuuliza mengi. Ile habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, ilikuwa imeharibika kabisa. Alikuwa amekuja na nyingine kuukuu, na ikaingia kwenye ekseli kana kwamba ilitengenezwa nayo. Aliipima kwa uzi na noti, kwa simu, na ikaingia.

Alipomaliza upande ule nilidhani atahamia wa pili. Badala yake alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akaketi juu ya boksi la spana, akasema, "Hili la pili si langu, daktari. Ni lako na dereva."

Nilimwambia mimi ni muuguzi, si fundi.

"Najua. Leo nimepata lori. Siku nyingine sitapata, na wewe utakuwa na akina mama wanakungoja."

Basi tukafanya, yeye akisema, sisi tukitenda. Tuliyazuia matairi kwa mawe, tukapiga jeki, tukatoa kifuniko kidogo cha katikati, tukanyoosha pini tukaichomoa, na kufungua nati. Beringi ya nje ikaangukia mkononi mwangu, pete ya chuma yenye vigololi virefu vilivyojipanga kama punje za mahindi. Nilishangaa jinsi kitu kidogo hivyo kinavyobeba nyumba. Tuliiosha kwa mafuta ya taa, tukaikausha kwa kitambaa, naye akanifunza kuisoma: nikiona doa la buluu, imepata moto, nikiona vishimo, nisiirudishe hata kama inazunguka vizuri.

Kisha grisi. Aliniwekea donge kwenye kiganja cha kushoto, akaniambia niisukume beringi kwenye donge hilo kwa ukingo wake mpana, tena na tena, mpaka grisi ichomoze upande wa pili katikati ya vigololi. Niliipaka kwa nje kwanza, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Akaichukua, akaipangusa yote, akanirudishia nianze upya. Nje kukipakwa, alisema, unajidanganya; ndani bado kukavu. Mara ya tatu grisi ilichomoza, nami nikafurahi kuliko siku niliyopata cheti changu. Mwisho alitufundisha kukaza nati huku gurudumu likizungushwa, kuilegeza, halafu kuirudisha kwa vidole tu, bila spana.

Njia ya kurudi alikaa nasi kwenye gari. Dereva alimuuliza alijifunzia wapi. Alisema marehemu mumewe alikuwa akiendesha malori ya ng'ombe, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia taa na spana kila lilipoharibika. Mume alipofariki, watu walikuja kutaka vile vifaa. Alikataa, akafungua gereji. Mwaka wa kwanza, alisema, waliomletea kazi ni wale tu waliokuwa wamefukuzwa na mafundi wengine.

Tangu siku ile tulikuwa na desturi mpya. Kila tuliposimama, mmoja wetu alitelemka na kuweka mgongo wa mkono kwenye habu. Ikiwa vuguvugu, twende. Ikichoma, tusimame. Kila baada ya miezi kadhaa tulimpelekea trela azifungue habu, na wakati mwingine tulifungua wenyewe uani kwake huku akitutazama, akinywa chai.

Mwaka jana, msimu wa mvua, tulivuka laga, mto wa msimu, likiwa na maji kiasi, tukielekea Gotu. Mwendo kidogo mbele tulisimama, nikagusa habu ya kulia ya trela nikaondoa mkono haraka. Tulikuwa karibu kufika. Akina mama waliokuwa wakitungoja walituona tumesimama wakaja kwa miguu, watoto mgongoni. Tulifungua gurudumu mbele yao. Grisi ndani ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia. Lakini beringi zilikuwa hazijaungua. Upepo ulipeperusha vumbi, na mama mmoja, bila kuambiwa, alifungua leso yake akaishika juu ya kitambaa nilichopangia vyuma, wenzake wakasimama upande wa upepo. Niliosha, nikakausha, nikasukuma grisi kiganjani. Dereva alikaza nati kwa vidole. Chini ya saa mbili kliniki ilikuwa wazi, na nilichoma sindano nikiwa bado na weusi kwenye kucha, chini ya glovu mbili.

Tuliporudi mjini nilimpelekea fundi ile sili tuliyoitoa, ule mpira wa mviringo unaozuia maji kuingia, ambao tuliubadilisha na wa akiba. Nilikwenda kujisifu, sikatai. Aliniuliza kama nililegeza nati kabla ya kurudisha kwa vidole. Nikasema ndiyo. Kisha akaigeuza ile sili kwenye mwanga muda mrefu.

"Hii imepigwa nyundo bila kuwekwa kipande cha mbao," alisema. "Mdomo wake umepasuka. Ni mimi niliyeifunga. Huu ni mkono wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba ni barabara, ni laga, kwamba mpira huzeeka. Hakunisikiliza. Alikuwa tayari anajaribu kukumbuka siku aliyoifunga sili hiyo alifunga magurudumu ya nani mwingine. Alikumbuka trela ya maji ya mzee mmoja wa Ngaremara, akampigia simu pale pale, akamwambia asiende popote mpaka yeye aione.

Tulikwenda naye Jumamosi, mimi na dereva, kwa kuwa dereva alimfahamu mzee. Mzee hakufurahi. Watu walikuwa wakingoja maji, alisema, na trela haikuwa na shida yoyote. Mama alimwomba radhi, akapiga jeki. Alitoa sili ya kwanza: nzima. Ya pili: nzima pia. Mzee akasema kwamba sasa mama ameona mwenyewe, asubuhi yote imepotea bure.

Mama hakuonekana kuaibika wala kufarijika. Alikuwa na uso ule ule alionao akiosha kikombe. Aliweka sili mpya pande zote mbili, safari hii kipande cha mbao kikiwa chini ya nyundo, na alizijaza beringi zote grisi mbichi ingawa ile ya zamani ingeweza kwenda miezi mingine. Nimefanya kazi na madaktari wenye majina makubwa, na ni wachache sana niliowaona wakimfuata mgonjwa nyumbani kumwambia, huenda nilikosea, hebu nikutazame tena.

Alipofunga kifuniko cha mwisho, mzee aliwasha trekta akaondoka bila kuaga. Mama alijifuta mikono, akaomba tumshushe sokoni kwa sababu alitaka kununua maziwa.