Daftari la Dunguni

Mwanaheri aliachia shule darasa la tano, na aliyemwachisha si mtu, ni ndege. Kila mpunga wa bondeni ulipoanza kuingia maziwa, wazazi wake walihama na watoto wote kwenda kuamia, kuwafukuza ndege shambani. Akirudi shuleni Mohoro, wenzake walikuwa wameshafika mbali. Ikafika msimu mmoja hakurudi tena.

Sasa ana miaka arobaini na minne, na yuko juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia mpunga, bonde lile lile, pamoja na binti yake wa mwisho, Tatu, wa darasa la tatu. Kabla hawajaondoka mwalimu alimwambia wazi kwamba asiyefanya mtihani wa mwezi wa sita atakariri darasa. Mtoto wa kwanza wa Mwanaheri alikariri mara moja, kisha akaacha kabisa. Kwa hiyo alimwomba mwalimu amwandikie somo la Kiingereza kwenye daftari, akasema atamfundisha mwenyewe. Alisema hivyo haraka, hofu ikamshika njia nzima.

Somo lilikuwa la kitu na mwenye kitu. Aliusoma ukurasa ule siku mbili ndipo akamwita Tatu, na Salama wa dungu la jirani.

"Kwa Kiingereza anatajwa kwanza mwenyewe, halafu kitu chake," aliwaambia. "Na kati ya jina na s mnaweka kile kialama cha kwenye ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani, Mama Tatu?" aliuliza Salama.

"Wa babako, ila hajamnunua bado."

Wakacheka mpaka dungu likayumba. Kisha wakashika mkaa, wakaandika kila mahali: Tatu's kwenye bakuli, Bibi's kwenye mpini wa jembe, na Baba's kwenye debe la kufukuzia ndege. Mwanaheri alikipitia kila kialama, akikilinganisha na cha mwalimu, asije akawapoteza.

Siku ya nne alimpa Tatu sentensi kumi. Asubuhi hiyo kwelea walishuka kundi baada ya kundi. Tatu aliacha kalamu, akapiga debe, akapiga kelele. Akarudi, akaandika, akainuka tena. Jioni mama alifungua daftari. Hakuna mstari uliofika mwisho. Salama's, kisha pengo. Bibi's, kisha doa la udongo. Mwanaheri aliyajua mapengo yale. Daftari lake la mwisho lilikuwa hivyo hivyo, na nyumbani kwao waliliwashia moto.

Alimsubiri mumewe, Abdalah, amalize kula.

"Baba Tatu, mtoto kesho nampeleka Mohoro kwa shangazi yake."

"Na ndege?"

"Nitaamia mimi."

"Mama Tatu, shamba lina pande mbili. Una miguu mingapi wewe?"

"Miwili. Na huyu anayo miwili tu, haiwezi kuwa hapa na shuleni."

Abdalah alinawa mikono taratibu. "Upande wa mtoni utaliwa."

"Utaliwa," alisema Mwanaheri. "Nimeshautazama."

Wiki tatu alikimbia kutoka upande huu kwenda ule, na sauti ikamkauka. Jumamosi baada ya mtihani, Tatu alirudi na daftari kifuani. Mwanaheri alijifuta mikono kwenye khanga kabla ya kulipokea. Sentensi kumi, kila moja imefika mwisho wake, vialama vyote mahali pake, na vema za mwalimu kwa wino mwekundu.

"Na mtihani?"

"Nilimaliza yote, Mama. Majibu bado."

Mwanaheri alitazama upande wa mtoni. Masuke yalisimama wima, mepesi, hayana kitu ndani. Juu ya upande uliosalia kundi lilikuwa linageuka, linashuka. Tatu akainuka, akanyoosha mkono kwenye debe.

"Kaa," mama yake alimwambia kwa sauti iliyokauka. "Soma."

Akalichukua debe yeye, akashuka ngazi.