Ramani ya Vyumba ya Mama Mkubwa Verlene

Mama Mkubwa Verlene aliendesha basi la njano la shule hapa Beaumont, Texas, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyejichagulia kiti. Yeye ndiye aliyepanga. Watukutu mbele, nyuma ya kisogo chake. Wanaotapika katikati, kwa sababu huko nyuma basi hurusha. Wanaopendana, mmoja dirisha la kulia na mwingine la kushoto, tena si safu moja. Alipostaafu, basi alirudisha ila tabia alibaki nayo. Ukimwalika harusini, kabla hajaonja chakula ameshakwambia ni nani hakupaswa kukalishwa karibu na nani.

Kwa hiyo ukoo wetu wa Guidry ulipoamua kwamba mkutano wa mwaka huu haufanyiki tena uani kwa Mjomba Wilfred, tunakoliwa na mbu kila Julai, bali kwenye meli ya kitalii kutoka Galveston, siku tano mpaka Mexico na kurudi, hakuna aliyeuliza ni nani atakayepanga vyumba. Tulikuwa watu ishirini na watatu, na saba kati yetu walikuwa wa umri ule wa simu mkononi na jibu mdomoni. Mimi, Camille, mtoto wa mdogo wake Earline, nilipewa kazi ya kompyuta. Maana yake nilitafuta ramani ya meli, nikaichapisha, nikaipeleka kwake Jumapili moja ya Januari baada ya misa, sufuria la gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa kamba na bamia, likiwa bado linachemka.

Aliishika ramani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani.

"Haya maandishi wamewaandikia sisimizi?"

"Ngoja nikukuzie, Mama Mkubwa."

"Usinikuzie kitu. Nisomee namba tu."

Akachukua boksi la keki, akalikata kifuniko, akakipindua na kuchora kwa kalamu nene safu mbili za vyumba na njia katikati. Halafu akaandika namba kwa mfuatano, huku na huku. Niliona wazi kwamba amechora basi. Nilicheka moyoni, na sikusema neno, na hilo kosa ni langu mpaka leo.

Majina yetu alikuwa ameyaandika kwenye vikadi. Akaanza kuvipanga juu ya boksi huku wazee wamemzunguka, kila mmoja na ombi lake.

"Mimi nataka roshani," alisema Mjomba Wilfred. "Nivute sigara yangu kwa amani."

"Kwenye roshani hawaruhusu sigara. Na wewe uliacha kuvuta kwaresima iliyopita, au ulimdanganya padri?"

Mjomba akarudi kwenye gumbo lake.

"Mimi usiniweke karibu na Wilfred," alisema mama yangu. "Anaiba kwenye dhumna."

"Dada Earline, unashindwa tu! Kushindwa siyo kuibiwa."

"Mnaona? Ndiyo maana yeye sitaha ya sita, wewe ya saba," alisema Mama Mkubwa, vikadi vikitua tap, tap. "Haya, Camille. Sheria inasemaje kuhusu watoto?"

Nikasoma kwamba chumba hakilaliwi na watoto watupu, lazima awemo mtu mzima wa miaka ishirini na moja au zaidi.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Una mume?"

"Mama Mkubwa, si unajua sina."

"Basi una wasichana wawili. Hongera."

Watu walicheka mpaka Mjomba Wilfred akapaliwa. Mimi nilikuwa nimeota chumba changu mwenyewe, dirisha, kitabu, na mtu wa kuniletea kifungua kinywa. Nikaishia kuwa mlezi wa bweni.

Mwisho vilibaki vikadi viwili, na hivyo alivilaza polepole kwenye chumba kimoja chenye roshani: VERLENE, na chini yake BRIELLE.

Brielle ni mjukuu wake. Mama yake, Desiree, alimwacha kwa bibi akiwa na miaka mitatu, akaenda Seattle kusomea uuguzi na kutafuta maisha, na maisha yalichukua muda mrefu kupatikana. Sasa amepata kazi nzuri na nyumba, na mwezi wa Agosti Brielle, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa anahamia kwake kumalizia shule. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema ni sawa, mtoto akae na mama yake. Alisema bila kulia. Lakini sote tulijua ile meli ameivalia njuga kwa sababu gani. Alitaka siku tano za mwisho, chumba kimoja, vitanda viwili, yeye na mtoto wake.

Wale wawili wana historia ya basi. Mtoto wa miaka minne huwezi kumwacha nyumbani peke yake alfajiri, kwa hiyo Mama Mkubwa alimbeba. Saa kumi na moja na robo wako barabarani, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, Brielle amefungwa mkanda kiti namba moja nyuma ya dereva, na blanketi, na kahawa ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa. Kabla ya kuondoa gari Mama Mkubwa alitazama kile kioo kirefu cha juu, akauliza, "Abiria wangapi?" Na mtoto akajibu, "Mmoja, Bibi. Twende." Miaka kumi mizima.

Sasa Brielle alikuwa jikoni anaosha vyombo. Akaja na kitambaa begani, akatazama boksi la keki.

"Bibi, naomba kitu. Usikasirike."

"Nani amekwambia mimi hukasirika?"

Mezani kila mtu akainamia bakuli lake.

"Nataka kulala na binamu zangu, akina Jasmyn. Chumba cha Camille. Sitawaona tena mpaka sijui lini."

Mama Mkubwa alikitazama kile kikadi kwa muda. Kisha akakiinua, akakiweka kwenye chumba changu, akakinyoosha kikae sawa.

"Haya. Ulichoomba umepata," alisema. "Earline, wewe hamia kwangu."

"Mimi? Si unajua nakoroma?"

"Kaunti nzima inajua."

Simu kwa wakala alipiga mwenyewe siku ya pili, hakutaka mimi wala kompyuta yangu. Nilikuwepo nikimsikia. "Nipe 7246 na 7247. Ndiyo, vyote viwili. Ukuta kwa ukuta, nikigonga wasikie." Alipokata simu aliingia jikoni akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika bila kuosha chochote. Iliniuma sana. Nilitaka kumwendea Brielle nimwambie, wewe mtoto, huoni? Lakini angeambiwa angerudi kwa huruma, na Mama Mkubwa hakutaka huruma ya mtu.

Julai ikafika. Tulipanda meli Galveston tukiwa na fulana za rangi ya chungwa, jina la Guidry mgongoni, ishirini na watatu, hata kipofu angetuona. Mama Mkubwa alisimama mlangoni mwa meli na ile ramani ya boksi la keki chini ya kwapa, akituhesabu mmoja mmoja tunavyoingia. Kisha kila mtu akaenda chumbani kwake.

Haikupita nusu saa akajaribu ukuta wake. Akagonga mara tatu. Upande wa pili ukamjibu, mara tatu.

"Unaona, Earline?" akamwambia mama yangu, uso umenawiri. "Wapo."

Akagonga mara mbili, akajibiwa mara mbili. Akagonga wimbo, akajibiwa wimbo. Hapo furaha ikamzidi, akatoka, akagonga mlango wa jirani, na mlango ukafunguliwa na mzee wa Oklahoma, upara unang'aa, taulo kiunoni, anatabasamu.

"Karibu, mama," alisema. "Wimbo ni mzuri."

Kicheko cha mama yangu kilisikika sitaha mbili. Mama Mkubwa alishuka mapokezi na boksi lake, na mimi nikaitwa kama shahidi. Dada wa mapokezi akamweleza kwa adabu kwamba kwenye meli namba za shufwa ziko upande mmoja na za witiri upande mwingine. 7246 na 7247 zinafuatana kwenye karatasi tu. Katikati kuna vyumba vya ndani, ngazi, lifti na korido mbili, na ukitaka kutoka kimoja kwenda kingine unazunguka.

"Tubadilishie," alisema Mama Mkubwa.

"Samahani, mama, meli imejaa."

"Binti yangu, hata basi la shule halipangwi kijinga namna hii."

Alikitupa kile kifuniko cha boksi kwenye pipa la taka, halafu akakitoa, akakifuta. Mlangoni kwake akanishika mkono.

"Camille. Macho."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Kwa Brielle hasa. Kuna kijana wa Shreveport mwenye nywele za kusuka, nimemwona pale bwawani. Anatabasamu sana."

Basi hiyo ndiyo likizo yangu. Wasichana watatu kwenye chumba kimoja, bafu moja lisilotosha hata mswaki, marashi matano tofauti, kicheko kisicho na breki. Na yule wa Shreveport kweli alikuwepo, anatabasamu kweli. Chakula cha jioni Mama Mkubwa alikaa kichwani mwa meza ndefu, akimtazama Brielle kule mwisho akicheka na binamu zake. Alikula kidogo. Nilimsikia akimwambia mama yangu, "Ana furaha, ndicho nilichotaka," na mama yangu, ambaye kawaida hana staha, akampigapiga mgongo tu.

Asubuhi ya pili, saa kumi na moja na dakika kumi, nilisikia mlango wetu ukifungwa taratibu, ule utaratibu wa mtu asiyetaka kusikika. Nikahesabu vichwa. Kitanda cha juu kilikuwa kitupu.

Nikaruka. Nilivaa soksi moja na fulana ya ukoo kinyume, nikatoka mbio. Brielle alikuwa anaishia mwisho wa korido. Akapanda ngazi badala ya kwenda upande wa bibi yake, nami nikajiambia, Shreveport huyo, leo mtanijua nyote wawili. Nikamfuata sitaha baada ya sitaha mpaka kwenye mkahawa wa juu, ambako wafanyakazi ndio kwanza walikuwa wanapanga vikombe. Nikajificha nyuma ya mashine ya aiskrimu. Hakuna kijana. Brielle akamimina kahawa vikombe viwili, kimoja akakijaza maziwa mpaka kikawa cheupe, akaanza kushuka polepole asimwage.

Alishuka mpaka ya saba, akazunguka lifti, akaingia korido ya upande wa pili, ndefu kweli kweli. Akasimama mbele ya 7246. Akagonga kwa kiwiko, mara tatu.

Mlango ukafunguliwa hapo hapo. Mama Mkubwa alikuwa amevaa kabisa, viatu na vyote, kama mtu anayesubiri zamu. Mwili wake haujui kustaafu.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, Bibi."

"Basi umefuata nini saa hizi? Si ulitaka kulala na wenzako?"

"Niliomba kulala nao. Kuamka sikuomba."

Mama Mkubwa akaniona mimi kule nyuma, nimejibanza ukutani.

"Na wewe, soksi yako moja iko wapi?"

"Nililinda, Mama Mkubwa. Uliniambia macho."

"Ingia, unatia aibu ukoo."

Ndani mama yangu alikuwa anakoroma kwa bidii. Tukampita, tukafungua kioo cha roshani. Roshani yenyewe nyembamba, viti viwili vimesimama ubavu kwa ubavu, na bahari ya kijivu bado haijaamua kuwa bluu. Mama Mkubwa akakaa, akakipiga kile kiti cha pembeni.

"Kaa hapa."

Brielle akampa kahawa yake. Kisha akakishika kile kiti, akakiburuta akakiweka nyuma ya bibi yake, barabara nyuma ya kisogo, akakaa na kikombe chake cheupe magotini.

"Kiti changu ni hiki."

Mimi nilibaki mlangoni. Mama Mkubwa hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na nilijua hawezi kugeuka, na mimi mwenyewe nilikuwa natumia mkono wa fulana ya ukoo kufuta pua. Kule Seattle hakuna atakayempikia kahawa ya maziwa saa kumi na moja, na hapa Beaumont kiti kitakuwa kitupu. Wote watatu tulilijua hilo.

Brielle akatoa simu. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha bibi yake, kamera imewageukia, mpaka nyuso zao zote mbili zikaonekana kwenye kioo cha simu, bibi mbele, mtoto nyuma.

Mama Mkubwa akainua macho akatazama juu, kama alivyotazama miaka yote.

"Abiria wangapi?"

"Mmoja, Bibi," alisema Brielle. "Twende."