Kadi Iliyokuwa Kiboko

Kifungua mimba wangu alikuwa msichana mwenye kifua kibovu. Kabla hajaanza kutembea alidungwa sindano kwenye zahanati moja kule Mbooni, na hata kabla sijatoka nje naye akavimba uso, pumzi ikamkatikia. Walimwokoa. Kisha mhudumu akaandika kwenye kadi yake ya kliniki, kwa wino mwekundu, jina la dawa ambayo asipewe tena maishani. Jina lilikuwa refu na la kizungu. Sikulishika, niliitegemea kadi.

Tulipohamia Kambu, kadi hiyo ilininyima raha. Niliiweka chini ya godoro, nikahofia mvua. Nikaitia kwenye nailoni na kuitundika ukutani, nikahofia mchwa. Mama mkwe, tuliyeishi naye, aliniambia nitaichakaza kwa kuihamisha kabla mchwa hawajaiona.

Mume wangu alikuwa kibarua wa shamba Kiboko, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Safari moja akaiomba ile kadi, maana karani wao alikuwa akiandikisha watoto wa wafanyakazi kwa matibabu. Nilimpa. Tangu aondoke nikawa kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Juma hilohilo mtoto akashikwa na kifua. Tulimpeleka zahanati, mimi na mama mkwe. Daktari alimsikiliza mgongo, akasema mapafu yameshikwa, sindano inahitajika. Nikamwambia kuna dawa inayomkataa.

“Dawa gani, mama?”

“Ni ile nyeupe, kama maziwa.”

“Nyeupe ziko zaidi ya moja. Siwezi kukisia kwa mtoto. Kadi iko wapi?”

“Iko Kiboko.”

Alizitazama mbavu za mtoto zikiingia na kutoka. Akasema atampa kwanza dawa ya kushusha homa, na kwamba mtoto anaweza kungoja hadi jioni, si zaidi.

Nilimwachia mama mkwe mtoto, nikapata lori la vitunguu. Pale Makindu dereva akateremka kunywa chai. Akanialika, nikashindwa hata kuketi. Nililizunguka lori lake mpaka utingo akaniuliza nimepoteza nini.

Kiboko nilimkuta mume wangu akifungulia mahindi maji. Tukaenda ofisini mbio. Karani alikuwa ameenda kula, na ufunguo wa droo alikuwa nao.

“Kaa kidogo kivulini, mama watoto,” mume wangu akasema. “Utaanguka.”

Nikamwambia mtoto wetu hapumui vizuri, mimi nitakaaje. Aliazima baiskeli akamfuata karani kwake, nami nikabaki nikiivuta ile droo, ingawa nilijua haifunguki.

Walirudi wote wawili, karani bado anatafuna. Kadi zilikuwa rundo, zote za rangi moja, naye akazipekua polepole kwa vidole vyenye mafuta. Nilipoona wino mwekundu niliichomoa mwenyewe.

Tulirudi kwa basi, mume wangu bila hata kuomba ruhusa. Jua lilikuwa linazama. Mama mkwe alikuwa amempakata mtoto mahali palepale nilipomwacha. Daktari aliisogeza kadi dirishani akasoma.

“Ni hii hasa ningempa,” akasema.

Mume wangu akanishika mkono. Mtoto alidungwa dawa nyingine. Siku chache baadaye akaomba uji, akaumaliza, akaomba tena.

Nilimsihi daktari aniandikie lile jina kwenye karatasi kadhaa. Moja ikakaa ndani ya Biblia, moja nikampa mama mkwe, na binti alipoenda shule ya bweni nikamshonea moja kwenye mfuko wa sweta. Jina nalo nikajifunza, silabi kwa silabi, nikipalilia kunde.

Aliolewa miaka ya tisini. Siku walipokuja kumchukua, watu wakiwa bado wanakula, nilimwita mkwe wangu chumbani nikampa karatasi. Aliisoma kwa sauti, akaikunja.

“Nimesikia, mama,” akasema.

Nikamwomba aisome tena.