Oganaiza Mbili, Pazia Moja

Mke wangu ni askari polisi. Alipohamishiwa kaskazini aliniachia nyumba yetu ya Nalufenya, hapa Jinja, kuku wawili wasiotaga, na macho ya mama yake. Kuku niliwamudu.

Mama mkwe wangu anaishi Nkoma, kule Mbale. Ni fundi cherehani. Marehemu mumewe alikuwa askari magereza, kama nilivyokuwa mimi kabla ya kustaafu, na katika kuzungushwa kambi baada ya kambi mama huyu alijifunza kushona nguo za watu wa kila kabila. Hata sasa anashona sare za shule, na vyumba vya uani amewapangisha wanafunzi. Daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imepanda na inamla uoni taratibu, ikianzia pembeni. Kilichokwisha liwa hakirudi. Kilichobaki kitabaki iwapo atatia dawa kila siku kwa saa zake: chupa ya kifuniko cha kijani asubuhi na jioni, ile ya njano jioni tu. Akiwa mzembe, cherehani itabaki kuwa meza ya kuwekea vikombe.

Kumkumbusha ilikuwa kazi ya mke wangu. Alikuwa akimpigia simu asubuhi na jioni, wakigombana kidogo kwa lugha yao ya Lumasaba, na dawa inaingia. Lakini huko alikopelekwa mtandao unapatikana ukipanda kilima, na askari hawezi kuacha lindo akapande kilima kila jioni. Basi akaniambia, sasa ni wewe. Nilikubali haraka kama mtu asiyejua anachokubali.

Kwa kina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Hawakai benchi moja, hawali sebule moja, na kitu hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule. Nikifika Nkoma, yeye huingia chumba cha ndani na kushusha pazia, nami hukaa sebuleni, tukazungumza hivyo. Nikimletea sukari naiweka juu ya kigoda katikati ya sebule, natoka barazani, yeye anatoka kuichukua. Mimi siyaoni haya kuwa mateso. Ni heshima, na tena inampa mtu nafasi ya kulegeza mkanda bila kuonekana.

Ila jaribu kumkumbusha dawa mtu wa namna hiyo kwa simu. Nilijaribu. Salamu peke yake zilitosha kupikia maharage. Nikimuuliza habari za nyumbani naye aniulize za kazi, ingawa anajua nimestaafu, kisha za kuku, kisha tunyamaze, kila mmoja akiona aibu kuwa wa kwanza kukata. Katikati ya hapo ningepenyezaje habari za jicho lake? Mara nyingi niliaga bila kuitaja dawa kabisa.

Ndipo nikawaza chombo kitakachosema kwa niaba yangu. Nilikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa barabara kuu hapa Jinja, mzee wa Kiislamu anayeuza redio, saa na mashine za mitumba kutoka Dubai. Kwanza akanionyesha simu kubwa ya kioo, ile ambayo ukiigusa kidogo imekupeleka usikokwenda. Nikamwambia mtumiaji haoni vizuri pembeni na vidole vyake vimezoea sindano, vinataka kitu cha kushika. Akatoa kingine chenye kalamu ya kugusia. Nikaona kalamu ile ikipotea chini ya mabaki ya vitambaa siku hiyo hiyo. Mimi huwa sina subira na vitu vinavyojidai, na nadhani ilinitoka usoni, kwa sababu mzee alicheka akaingia ndani ya duka na kurudi na boksi lenye vumbi.

Ilikuwa oganaiza ya zamani, saizi ya kiganja, ya kufungua na kufunga kama sanduku dogo. Vitufe vyake vilikuwa vya kweli, ukibonyeza kimoja kinalia, na herufi zilikuwa kubwa na nyeusi. Unaandika neno, unaiambia saa, na saa ikifika inapiga kengele na kukuonyesha ulichoandika. Niliipigisha kengele mle dukani mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. Mzee akaniambia, "Bwana, hii haina akili nyingi. Inafanya ulichoiambia." Nilimwamini, na alisema kweli kuliko mimi nilivyofahamu siku ile.

Sasa ikabaki kuandika. Nilikaa mezani nyumbani jioni nzima nikipima maneno. Kuna jambo mke wangu aliwahi kuniambia kuhusu mama yake na Kiswahili. Sisi wawili hatuna lugha nyingine ya pamoja, kwa kuwa mimi ni Mteso na Lumasaba hainiingii. Lakini kwake, kabla Kiswahili hakijawa lugha ya majirani wa kambini, kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, enzi za utawala wa kijeshi. Alikuwa msichana. Maneno ya kwanza aliyoyajua ni kaa chini, mikono juu, leta. Mimi, mtu wa gwanda, ningeanzaje kumwandikia mama huyo "tia dawa"? Nikaandika kwa adabu yote niliyonayo. Mama, habari za asubuhi, samahani sana kwa kukusumbua, kama una nafasi naomba tukumbuke ile dawa ya kifuniko cha kijani, asante. Ya jioni nayo ikawa ndefu zaidi. Niliisoma tena na tena, nikajiona mkwe wa mfano.

Kumfundisha ndiko kulinichosha. Niliiweka juu ya kigoda, nikatoka barazani, akaichukua. Mimi nikawa nasema fungua, yeye nyuma ya pazia anasema amefungua, nasema bonyeza cha juu, anauliza juu wapi. Alichobonyeza sikukijua, lakini oganaiza ikaanza kupiga hesabu za kujumlisha na haikutaka kuacha. Nisingeweza kuingia nikaangalia begani kwake. Nilirudi Jinja nimevunjika moyo, nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee kumuuliza kama anayo nyingine ya aina ile ile. Alikuwa nayo moja, ndugu wa ile ya kwanza.

Safari iliyofuata tulikuwa sawasawa. Yeye na yake nyuma ya pazia, mimi na yangu sebuleni. Nikibonyeza, nasikia chake kinalia mara moja baada ya changu. Akipotea, ananisomea anachokiona, nami naipoteza yangu mpaka ifike pale pale, kisha tunarudi pamoja. Kitufe cha kuanzia alikipaka rangi nyekundu ya kucha, aliyoazima kwa mpangaji wake mmoja. Nilimwambia kengele ikilia afungue, asome, afunge. Alijifunza haraka, na kuna mahali alinisahihisha. Nilifurahi mno. Tulikuwa hatujawahi kukaa muda mrefu namna ile katika chumba kimoja, hata kama kilikuwa na pazia katikati.

Siku hiyo nilimwachia pia suruali yangu, yenye doa la chai lisilotoka, juu ya kigoda aipunguze kiuno, kwa sababu ilikuwa inateremka. Akauliza kama ninakula. Nikasema ninakula. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu aondoke nilikuwa naishi kwa chai na mkate, na mke wangu naye nilimwambia ninakula.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimetulia kabisa, nikiamini kazi imekwisha. Kisha jirani yake aliyemsindikiza hospitali akamwachia mke wangu ujumbe, na mke wangu alipopanda kilima akaupata, akanipigia mimi. Presha ya jicho la kulia ilikuwa imepanda tena. Daktari alikuwa mkali. Alisema mgonjwa huyu hatii dawa, na akiendelea hivyo jicho hilo litakwenda.

Nilikwenda Mbale siku iliyofuata na oganaiza yangu mfukoni. Njia nzima nilikuwa na hasira: kwanza na kile chombo, kisha na mzee wa duka, kisha na mama mkwe mwenyewe, ingawa hiyo ya mwisho niliikana nafsini. Boda boda ilinishusha mlangoni, pazia likashuka, tukasalimiana kama ada. Nikamuuliza kwa kuzunguka kama kengele bado inalia.

"Nalia, afande. Kila siku nalia," akasema, maana kwa Kiswahili chake cha kambini kengele nayo "nalia". Ananiita afande tangu nilipomwoa binti yake.

Nikamuuliza ikilia anafanya nini.

"Nafungua. Nasoma. 'Mama, habari za asubuhi, samahani sana.' Mi nafurahi. Nasema asante, nafunga."

Nikamuuliza, na dawa?

"Dawa natia nikikumbuka."

Nilikaa pale nikiitazama oganaiza yangu kana kwamba imenitukana. Hiyo yangu sikuwahi kuiwekea kengele. Na ile yake, kila mara nilipokuwa nikisoma maneno yangu, nilibonyeza mshale mpaka nikafika mwisho. Sasa nikaiandika sentensi ile ile kwa mara ya kwanza kama kumbusho, nikaipa dakika inayofuata, nikangoja. Ikalia. Skrini ikaonyesha mstari wa kwanza tu. Mama, habari za asubuhi, samahani sana. Dawa ilikuwa imekaa chini kabisa, nyuma ya heshima zangu zote, mahali ambapo sikumfundisha kufika. Kwa miezi yote hiyo mashine ilikuwa inamwamkia mama wa watu asubuhi na jioni, naye anaishukuru, na jicho linakwenda.

Nilimweleza. Sikupamba. Niliona aibu kiasi kwamba niliyasema yote nikiwa nimeinama, ingawa hakuwa ananiona. Nikamwambia pia kwa nini niliandika vile, kwamba nilijua habari za vizuizi vya barabarani, na kwamba sikutaka Kiswahili changu kiwe kile.

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa imesimama tangu nilipoanza. Nikadhani nimemwudhi. Kisha akasema, polepole:

"Wale walikuwa nasema kaa chini, mi naogopa. Wewe nasema tia dawa, mi naona. Amri si moja. Andika fupi, afande. Niamuru tu."

Kwa hiyo nikaamuru. Oganaiza yake ililetwa kwenye kigoda, mimi nikaichukua, nikafuta samahani zangu zote, nikaandika KIJANI. TIA MACHO YOTE. Ya jioni nikaandika KIJANI KWANZA. NGOJA. NJANO. Vidole vilikuwa vizito. Nimewahi kuwaamuru wanaume wazima kwa miaka, na sikumbuki amri iliyonigharimu kama zile. Kabla sijaondoka aliomba niache oganaiza yangu kwa wiki chache, kwa kuwa ameshona mfuko wa kuhifadhia ile yake na anataka kunishonea wangu, ila apime vizuri. Nikaiacha.

Nilirudi Nkoma baada ya yeye kwenda tena hospitali na kurejea. Presha ya jicho ilikuwa imeshuka. Daktari alimwuliza amefanya nini, naye akajibu kwamba amepata afande. Mama alinisimulia hayo mwenyewe akiwa nyuma ya pazia huku cherehani ikienda, na alinichekea wazi wazi kwa zile salamu zangu. Juu ya kigoda nilikuta suruali yangu, niliyoisahau kwake miezi yote hiyo, imekunjwa, na juu yake oganaiza, ndani ya mfuko wa kitambaa cha kaki kilichobaki katika vitu vya marehemu mumewe. Pindo lake lilikuwa limenyooka kabisa. Nililiangalia pindo lile muda mrefu, kwa sababu ndilo lililoniambia zaidi hali ya macho yake kuliko daktari.

Nilifika Nalufenya jua linazama. Nikafungia kuku, nikachemsha chai, nikakata mkate, nikakaa. Kengele ikalia.

Nilidhani ni simu. Ikaendelea, ile sauti kali iliyomfanya mtu wa duka la pili achungulie. Nikautoa mfuko wa kaki, nikaifungua oganaiza. Mimi sikuwa nimeiwekea kengele yoyote ya jioni. Skrini ilikuwa na mstari mmoja, herufi kubwa, hakuna habari za jioni, hakuna samahani:

KULA. CHAI SI CHAKULA. SURUALI IMESEMA.

Mtu ambaye hawezi kunipakulia sahani alikuwa ameketi nyuma ya pazia lake, akajifundisha ambacho sikumfundisha, akatafuta herufi moja moja kwa macho yale, akaichagua saa ambayo watu hula. Nilijibu kwa sauti, peke yangu jikoni, "Ndiyo, Mama." Kisha nikabonyeza mshale, kwa kuwa sasa nimejifunza, nione kama kuna mengine chini. Hayakuwepo. Nikaimwaga chai, nikainjika maji ya posho, yaani ugali wetu, nikatoa wale dagaa wa ziwani, wa Wanyange, niliokuwa nimewanunua na kuwasahau, na nikawaosha vizuri.

Kesho yake jioni ikalia tena. Alikuwa ameiweka ya kila siku.